Kondoo Hapigwi, Huitwa

Siku tuliyomzika Mwalimu, watu walisimama mmoja baada ya mwingine kuusifu upole wake. Mmoja alisema hajawahi kuona mtu mwenye subira kama ile. Mwingine, kijana wa mjini aliyekuwa akienda shambani kwake Jumapili kupiga picha, alisema Mwalimu ndiye aliyemfundisha kuishi polepole. Kisha aliyekuwa akiongoza shughuli akanigeukia mimi, jirani yake kwa miaka kumi na miwili, akauliza kama nina neno. Nikasema sina. Nilikuwa nalo, tena refu, ila si la kusema jeneza likiwa mbele ya watu na wajukuu wamekaa pale wanalia. Basi naliandika hapa.

Niseme mapema kwamba nina ugomvi na marehemu, asije mtu akadhani nampima kwa haki. Nilichotaka kutoka kwake ni sentensi moja. Wala haikuwa yangu, ilikuwa ya dada yangu Skola, aliyeacha shule darasa la sita kwa sababu ya Mwalimu huyu huyu, na ambaye kidole chake cha kati cha mkono wa kushoto hakikunjiki mpaka leo. Mwalimu alikufa bila kumwambia.

Shamba lake liko nje ya mji, ukipita Mfaranyaki ukaendelea mpaka nyumba zinapoanza kuachana, kisha unashuka bondeni kwenye kijito. Si kubwa. Kuna nyumba ya matofali ya kuchoma, zizi la miti, na nyuma ya jiko bustani ya mboga iliyozungushiwa ua wa mianzi, yenye lango moja dogo linalofungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Alilima figiri, chainizi, karoti, vitunguu, mchicha, na maboga kwenye kona. Samadi ya kondoo ilikwenda kwenye matuta, majani mabovu ya mboga yalirudi kwa kondoo, na yeye akakaa katikati kwenye kiti chake akiyatazama hayo yakizunguka. Wageni wa mjini walimwuliza sufu anaiuza wapi. Kondoo wetu hawana sufu, wana nywele fupi na mkia mnene, lakini hakuwahi kumcheka mtu kwa swali hilo. Alimkamata kondoo mmoja akamwambia mgeni, "Mshike mwenyewe uone."

Walikuwa kondoo kumi na mmoja, na kila mmoja alipewa jina la siku aliyozaliwa. Kwa hiyo kulikuwa na Jumatano wawili na Ijumaa watatu, na akiita Ijumaa wanakuja wote watatu, na wengine wasiohusika nyuma yao. "Si neno," alikuwa akisema. "Nisiyemtaka nitamsalimia tu."

Bodaboda hakupanda hata siku moja. Duka langu la pembejeo na dawa za mifugo liko Bombambili, na kutoka kwake mpaka pale ni mwendo wa saa nzima kwa mtu mwenye miguu ya kawaida. Yeye alitumia mbili. Vijana wa kijiweni walikuwa wakimtania, "Mzee, panda, leo nakupeleka bure!" Anasimama, anamshukuru kijana, anamwuliza habari za mama yake, kisha anasema, "Bure ya haraka ni ghali, mwanangu," anaendelea kutembea. Akifika dukani, kununua dawa ya minyoo kulimchukua nusu ya asubuhi. Aliisoma chupa pande zote, akairudisha kwenye shelfu, akaitoa tena. Wateja nyuma yake wamenuna, na mimi ndiye niliyelazimika kuwaomba radhi kwa niaba yake.

Nyumbani ndiyo usiseme. Aling'oa karoti moja, moja tu, akaiosha kwenye beseni, akaiangalia kama anaisahihisha, ndipo akaila amesimama pale pale kwenye tuta. Chai alisubiri ipoe. Mvua alisubiri ikate. Saa hakuwa nayo, ya ukutani wala ya mkononi, na vijana wa Jumapili walilipenda sana hilo. "Mzee hana saa!" waliambiana, wakaandika kwenye simu zao.

Mimi nilimjua alipokuwa na saa. Ilikuwa ya mkanda wa chuma, na aliivaa upande wa ndani wa kifundo cha mkono ili aisome bila kuishusha fimbo. Alikuwa mwalimu wa kilimo shuleni kwetu, msimamizi wa bustani na wa kondoo wa shule, na kila asubuhi alisimama getini. Dakika moja, fimbo moja. Ukichelewa dakika nne unajua hesabu yako kabla hujafika. Fimbo zilitoka kwenye mipera aliyoipanda mwenyewe nyuma ya ofisi, na hakuna mtoto aliyedhani ameipanda kwa ajili ya matunda. Kule bondeni pia alikuwa na mpera, mkubwa, na watoto wa jirani walijilia watakavyo. Mimi mapera yake sikuwahi kuyala. Aliwahi kuniuliza sababu, nikamwambia yananiumiza tumbo. Ukweli ni kwamba yalikuwa yananiumiza makalio.

Halafu mtu huyo huyo, mtoto akiokota kijiti amswage kondoo, alimnyang'anya. Alikivunja kijiti vipande viwili akasema lile neno lake ambalo mji mzima sasa unalirudia: "Kondoo hapigwi. Huitwa." Anaweka viganja mdomoni, anatoa mlio wa chini, "Hooo, hooo," na kule ng'ambo ya kijito vichwa kumi na kimoja vinainuka. Mara ya kwanza kuyasikia maneno hayo nilikuwa nimesimama kando ya zizi na chupa ya dawa mkononi, na nilishikwa na hasira hata chupa ikaniponyoka. Sisi tulikuwa na majina. Alikuwa nayo yote kwenye daftari la mahudhurio. Angeweza kutuita.

Habari ya Skola ni fupi. Jioni moja ilikuwa zamu yake kumwagilia bustani ya shule. Akamwagilia, akafunga lango kwa mpira wake, akarudi nyumbani. Kesho yake wakaguzi walikuwa wanakuja, na asubuhi tulipofika tulikuta kondoo wa shule wamo ndani ya bustani, wamekula kila kitu, kabichi zimebaki vigogo. Mwalimu alimwita Skola mbele, shule nzima iko mstarini. Mimi nilikuwa darasa la tatu, mstari wa pili.

"Nani alikuwa na zamu?"

"Mimi, mwalimu."

"Ulifunga lango?"

"Nilifunga, mwalimu."

"Kosa lako si lango," akasema, kwa sauti ya kutosha sote tusikie. "Kosa lako ni uongo."

Akamchapa mikononi. Kila baada ya fimbo mbili aliuliza tena, ulifunga? Skola akajibu tena, nilifunga. Angesema sikufunga yangekwisha, kila mtu pale alilijua hilo, na mimi kwenye mstari wangu nilikuwa nikiomba aseme. Hakusema. Mwishowe alitikisa mkono kwa maumivu na fimbo ikatua kwenye kidole. Jioni mama alimkanda kwa maji ya moto na chumvi. Baba akamwuliza, kwa upole kabisa, "Lakini mwanangu, ulifunga kweli?" Nadhani hilo ndilo lililommaliza. Hakurudi shule tena. Na mimi niseme aibu yangu pia: kwa miaka mingi nilidhani labda alisahau. Sikuwahi kumwambia hivyo, lakini ndivyo nilivyodhani. Sasa yuko Namtumbo kwa mumewe, wanalima tumbaku, na wakati wa kufunga majani anafunga kwa vidole tisa na bado anawashinda wenye kumi.

Mtu mbaya kabisa angenirahisishia kazi. Mwalimu hakuwa mtu mbaya kabisa. Mama yetu alipofariki alikuja kwa miguu kwenye mvua, akakaa siku tatu, akapasua kuni ambazo vijana walikuwa wanazikwepa. Mke wangu alipougua homa ya matumbo, kila asubuhi tulikuta fungu la mboga mlangoni limefungwa kwa jani la mgomba, na hakugonga hodi asije akamwamsha mgonjwa. Alipopona, nikinung'unika kuhusu mzee, mke wangu alikuwa ananikaripia.

"Huyo mzee amekukosea nini? Mboga za watu umekula, unamsengenya!"

"Mboga nimekula. Na fimbo nilikula."

"Kila mtu alikula fimbo. Hata mimi."

Ni kweli kila mtu alikula, na ndiyo maana hakuna anayetaka kusikia. Ukisema ulichapwa, mwenzako anacheka na kukuhesabia zake. Tumelelewa hivyo, tunasema, na tumekuwa watu. Skola hakuwa mtu aliyetakiwa awe. Alitaka kuwa mganga wa hospitali, na alikuwa wa kwanza darasani.

Mwaka jana, wakati wa baridi ya mwezi wa saba, Mwalimu aliniomba nimsaidie kukata kwato. Kazi ile inataka watu wawili, mmoja amlaze kondoo na kumshika, mwingine akate kwa kisu kidogo kidogo asifike kwenye nyama. Nilikuwa nimemshika Jumatano mkubwa. Mwalimu alikuwa na furaha siku hiyo, na mtu akiwa na furaha husimulia. Nikamwuliza, kwa utani tu, upole huu wote aliuokota wapi, maana shuleni hatukuuona.

Akacheka. "Nitakuambia. Haraka iliniumbua siku moja. Wakaguzi walikuwa wanakuja, nikaona niwachumie mboga ya mchana kabla watoto hawajafika. Alfajiri ile nikaingia bustanini mbio mbio, nikachuma, nikatoka mbio mbio. Kufika saa mbili, kondoo wamo ndani. Jioni nyumbani natia mkono kwenye mfuko wa koti, nakuta nini? Ule mpira wa kufungia lango." Akatikisa kichwa, bado anatabasamu, kisu kinaendelea kukata. "Tangu siku ile nikasema, basi, mimi sikimbii tena. Jambo dogo vile, likanifundisha maisha yote."

Nikamwuliza, "Na aliyechapwa?"

"Eeh, kuna binti alichapwa."

"Ulipokuta mpira mfukoni, ulimwambia?"

"Ningemwambiaje? Mwalimu asimame mstarini aseme amekosea? Shule ingekuwa shule?" Akapuliza vumbi kwenye ukwato. "Watoto husahau, mwanangu."

"Binti huyo ni dada yangu, mwalimu. Ni Skola. Mimi nilikuwa nimesimama mstari wa pili."

Kisu kilisimama. Alinitazama, nadhani kwa mara ya kwanza akaniona mimi badala ya mwenye duka. Nilingoja. Kama kuna siku aliyotakiwa kusema neno, ilikuwa siku hiyo. Akashusha macho kwa kondoo.

"Shika huo mguu," akasema, "tumalizie."

Nilimwachia Jumatano. Aliinuka na kwato tatu zilizokatwa na moja haijakatwa, akakimbia, na mimi nikaondoka bila kuaga. Sasa mnaelewa kwa nini sikuweza kusimama msibani. Upole wote ule wanaousifu, kutembea, kutokuwa na saa, karoti moja, alijifunza siku aliyomvunjia dada yangu maisha. Somo alilichukua yeye. Ada akalipa Skola.

Nilimpigia Skola simu siku ile ile. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Mpira ulikuwa mfukoni mwake?"

"Mfuko wa koti. Amesema mwenyewe."

"Haya. Tukimaliza tumbaku, nakuja."

Nilimpelekea Mwalimu taarifa. Nilimwambia dada yangu atakuja, hataki kitu, amwambie tu kwa kinywa chake. "Tutaona namna," akasema, na kwa miezi ile yote aliendelea kumwagilia matuta yake kana kwamba sijamwambia neno.

Skola alifika siku ya Jumamosi, amevaa gauni lake la kanisani na koti. Dereva wa bodaboda aliyemleta kutoka stendi tulimwacha juu barabarani atusubiri, tukashuka bondeni. Mwalimu alikuwa amejiandaa. Amekaa kwenye kiti chake kando ya jiko, amevaa shati safi, kuna viti viwili vya wageni, chai, na sahani ya karoti zilizooshwa. Pembeni ya kiti chake amemfunga kondoo jike kijana kwa kamba mpya. Nilipoiona ile kamba nilijua alichoamua. Kwetu mtu akikosa hupeleka mnyama, wazee wanakaa, jambo linaisha, na mara nyingi hakuna anayelazimika kulitaja kosa lenyewe.

Skola alisimama mbele yake. "Habari za hapa," akasema.

"Marahaba," akajibu Mwalimu, shikamoo ambayo hakupewa. Nadhani hata hakusikia alichosema. "Karibu mama, karibu ukae. Umetoka mbali."

Skola alikaa. Chai hakuigusa.

"Mdogo wako ameniambia," Mwalimu akaanza. "Sasa mimi ni mzee. Nimeona tusiongee sana. Huyu hapa ni wako, uende naye. Ana mimba, atakuzalia karibuni."

"Kondoo simhitaji, mwalimu. Nimekuja kusikia."

"Kusikia nini, mama?"

"Ulifunga?" Skola akasema, kwa sauti ile ile aliyoulizwa nayo. "Uliniuliza hivyo mara nyingi. Nikakujibu nilifunga. Sasa niambie wewe. Nilifunga?"

Mwalimu aligeuka akamtazama kondoo. Akampapasa shingo. Ng'ambo ya kijito wengine kumi walikuwa wanakula majani, na mimi nilisimama nyuma ya kiti cha dada yangu nikikisukuma kichwani mwangu kile kinywa cha mzee kifunguke, maneno yenyewe ni mawili tu: ulifunga lango.

"Ni kondoo mzuri huyu," akasema Mwalimu. "Mama yake huzaa pacha."

Skola aliinuka. Aliifungua ile kamba kwa mkono wake wa kushoto, kidole kimoja kimesimama, taratibu, akamwachia kondoo akawafuata wenzake. Kisha akaniambia, "Twende," akatangulia. Njia ya kutokea inapita nyuma ya jiko, kando ya bustani. Nilibaki hatua chache nyuma, nikikusanya matusi ambayo sikuyatoa, kwa hiyo nilichelewa kuona. Nilipofika kwenye kona, lango la bustani lilikuwa wazi kabisa na Skola alikuwa ameshaanza kupanda mlima.

Nilimfikia barabarani akiwa amekwisha kukaa kwenye pikipiki. Akafungua kiganja. Ule mpira wa baiskeli ulikuwa ndani yake. Akautia mfukoni mwa koti.

"Akiuliza nani ameliacha wazi," akasema, "usimfiche. Mwambie ni Skola. Leo ni kweli."

Pikipiki ikaondoka. Niliporudi chini, kondoo walikuwa wameshavuka kijito na wamo bustanini wote kumi na mmoja, yule wa kamba mpya akiwa mbele kabisa kwenye karoti. Mwalimu alikuwa ameketi pale pale. Kutoka kwenye kiti chake aliliona lango, akawaona kondoo, akaona chainizi inavyokwisha, na hakuweka viganja mdomoni. Nilimngoja awaite. Hakuita.

"Skola amesema lango la leo ameliacha yeye," nikamwambia.

Aliwatazama kondoo mpaka tuta zima la figiri likaisha.

"La leo," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo, "La leo tu."

Sentensi ndiyo hiyo. Nusu yake, na aliyetakiwa kuisikia yuko kwenye pikipiki anaelekea stendi. Nilisikia hasira mpya ikija juu ya ile ya zamani. Niliegemea mkono wa kiti chake nikamwambia usoni, kama ambavyo sikuwahi kusema na mzee yeyote, "Gari la Namtumbo halijaondoka. Nakuitia bodaboda nyingine, nakulipia. Kamwambie yeye, si mimi. Safari hii kimbia, mwalimu."

Alinitazama. Akashika mikono ya kiti, akainuka, polepole kama kawaida yake, akasimama kidogo mpaka magoti yakubali. Kisha akaweka viganja mdomoni, akaanza kuwaita kondoo.